Kazi yangu naweza kuifanya popote, sasa kila mtu ananipangia pa kuishi

Shangazi shikamoo. Nakusoma siku nyingi sana ila leo ndo nimepata nguvu ya kukuandikia, naomba unisamehe kama itakuwa ndefu maana haya mambo nimeyabeba muda na kila ninayemwambia tayari ana upande wake.

Mimi ni binti wa miaka 29, kwetu Mbeya, kwa sasa nimepanga Sinza hapa Dar. Kazi yangu ni ya kwenye laptopu, niko huduma kwa wateja ya kampuni moja ya Kanada inayouza programu ya mahesabu kwa wenye maduka madogo. Najibu watu kwa chati na kwa simu za intaneti. Ofisi yao inafunguliwa saa tatu asubuhi kwa saa za Toronto, so huku naingia saa kumi jioni natoka saa sita usiku, na wakirudisha saa zao nyuma mwezi wa kumi na moja naingia saa kumi na moja natoka saa saba usiku. Nalipwa dola 1,300 kwa mwezi, sijaajiriwa moja kwa moja, nalipwa kama mtu wa kujitegemea, hakuna likizo ya malipo wala bima. Namshukuru Mungu sana, sijawahi kupata hela hiyo kabla.

Sasa kodi yangu ya Sinza inaisha mwisho wa mwezi ujao na mwenye nyumba anataka miezi sita mingine na amepandisha. Nikajiambia kama nalipia miezi sita kwa nini nilipie hapa kwenye joto na foleni wakati kazi yangu haina ofisi. Hapo ndo vurugu ikaanza.

Kuna washkaji zangu watatu, na wao wanafanya kazi za mtandaoni, mmoja ni mbunifu wa michoro, mmoja anaendesha kurasa za hoteli, mmoja anatengeneza programu. Wamepata nyumba Paje, Zanzibar, vyumba vinne, karibu na bichi, mwenye nyumba anataka dola 800 kwa mwezi na miezi sita mbele, kwa hiyo mimi natakiwa nitoe dola 1,200 kwa mkupuo. Wananipigia kila siku, wanasema nikikataa nyumba inawapotea maana hawamwamini mtu mwingine, na kwamba maisha ni haya haya, nikishaolewa sitapata tena nafasi kama hiyo.

Mama yupo Uyole, ana presha, anaishi na mdogo wetu wa kidato cha pili. Yeye anasema chumba changu kipo, kwa nini nilipe kodi kwa watu wakati intaneti hata Mbeya ipo. Kaka yangu mkubwa yuko Tunduma ana duka lake, na yeye ananiambia hivyo hivyo, anasema "wewe kazi yako si unaibeba kwenye begi, nenda kakae na mama". Na kiukweli mama akiumwa usiku sijui mdogo wangu atafanya nini. Ila nikiwaza kufanya kazi pale nyumbani nachoka kabla sijaenda, maana nikienda likizo ndugu wanaingia saa mbili usiku kupiga stori, nikivaa hedifoni wanaona nimewadharau, na mama hadi leo akiulizwa nafanya kazi gani anasema nipo nipo tu natafuta.

Halafu kuna Kigali. Mwaka jana nilienda harusi ya rafiki nikaunganisha nikakaa wiki moja, nikapanga kachumba Remera na nikafanya kazi siku zote. Kule saa zao ziko nyuma yetu kwa saa moja kwa hiyo nilikuwa namaliza saa tano. Siku moja nikatoka baada ya kazi nikaenda kununua mishikaki na ndizi nikarudi kwa miguu peke yangu, sikuangalia nyuma hata mara moja. Nikalala vizuri wiki nzima. Lakini najua hiyo ni ndoto tu, sina ndugu kule, Kinyarwanda sijui, na nikimwambia mama naenda Rwanda wakati nimekataa kwenda Mbeya itakuwa msiba.

Kuna na rafiki mwingine ananitumia video za Dubai na Bali kila siku anasema niache uoga.

Shangazi nisaidie, niishi wapi? Na je, mimi ni mbinafsi kutotaka kurudi nyumbani wakati naweza? Maana hilo swali ndo linaniliza.

Binti wa Sinza

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuzungukwa na watu wenye majibu.

Barua yako nimeisoma mara mbili na kuna kitu kimenigusa. Paje umenieleza kwa maneno ya washkaji zako. Mbeya umenieleza kwa maneno ya mama na kaka. Dubai na Bali ni maneno ya video. Kigali peke yake ndo umeniambia wewe ulilala vipi, ulikula nini na ulitembeaje, halafu sentensi inayofuata ukaiita ndoto. Mimi nadhani hapo ndo jibu lako lilipo, ila kuna mambo kadhaa lazima yakae sawa kwanza na mama yako ni la kwanza kabisa, kwa hiyo usikimbilie kufungasha.

Nianze na lile linalokuliza. Hapana, wewe si mbinafsi. Kinachotokea kwako nakiona kwa vijana wengi wa kazi za mtandaoni siku hizi, kwa kuwa kazi inahamishika basi kila mtu anaona mwenye kazi naye ni wa kuhamishwa tu. Washkaji wanahitaji mtu wa nne kwenye kodi, wewe unahamishika. Mama anahitaji mtu karibu, wewe unahamishika. Kaka yako ana duka, duka halibebeki, basi hakuna anayemuuliza kitu. Lakini mwanangu, Tunduma hadi Uyole ni kama kilomita mia moja hivi, basi la asubuhi linamfikisha kwa mama kabla ya mchana. Wewe uko Dar, zaidi ya kilomita 800. Kama kuna mtoto ambaye mama akiumwa usiku anaweza kufika mapema ni yeye, na kwenye barua yako umemtaja kama mtu wa kutoa amri tu. Kabla hujaamua pa kuishi mpigie kaka yako, kwa heshima kabisa, muulize kila mwezi ataenda kwa mama mara ngapi na nani ataitwa kwanza usiku presha ikipanda. Jirani mwenye gari, au dereva wa bajaji wa pale mtaani, namba yake iwe kwenye simu ya mama na ya mdogo wenu. Hili halihusiani na wewe kuishi Paje wala Kigali, hata ungebaki Sinza lilitakiwa liwepo.

Sasa tuongee kuhusu mahali, na naomba tuanze na saa zako za kazi, maana watu wengi wanachagua mahali kwa kuangalia picha za mchana wakati kazi zao ni za usiku. Wewe kwa nusu mwaka na zaidi unafanya kazi saa kumi jioni hadi saa sita usiku, na miezi ya baridi ya Kanada unaenda hadi saa saba. Hiyo maana yake huwezi kutegemea sehemu za kukodi meza ukafanyie kazi huko halafu urudi kwako saa saba usiku mwanamke peke yako na laptopu mgongoni. Intaneti yako lazima iwe ndani ya nyumba unayolala, umeme wa akiba ndani ya nyumba unayolala, na ukimya kuanzia jioni, maana wewe unaongea na wateja kwa simu.

Ukipima kwa hayo, Paje inaanza kuyumba. Paje ni pazuri, sitaki nikudanganye, bahari ikitoka asubuhi na akina mama wakiingia kwenye mwani ni mahali pa kumpumzisha mtu. Lakini jioni ndo baa za bichi zinafungua muziki, na hiyo ndo saa yako ya kusema "habari, nikusaidie nini" kwa mtu wa Ontario ambaye mahesabu yake hayalingani. Wenzako watatu kazi zao hazina simu za usiku, mmoja anachora, mwingine ni wa mitandao, mwingine programu, wao wakimaliza saa kumi na mbili jioni nyumba inakuwa ya sherehe na wewe bado uko katikati ya zamu. Watakupenda na watakukera, na wewe utaonekana ndo mwenye gubu.

Halafu hela. Dola 1,200 kwa mkupuo kwa mtu anayelipwa dola 1,300 bila likizo wala bima ni kubaki mtupu mwezi mzima, na hujaniambia una akiba kiasi gani, kwa hiyo nina wasiwasi. Tena mwenye nyumba anataja bei kwa dola, wakati tangu Machi 2025 kuna kanuni zinazokataza kutoza huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Washkaji zako wamwambie aandike mkataba kwa shilingi, akigoma hapo umeshamjua. Na muulizeni swali moja zito, Julai na Agosti watalii wakijaa, na Desemba, mkataba unasemaje? Nyumba za pwani ya mashariki ya Unguja zinakodishwa kwa wageni kwa bei ya usiku mmoja, mwenye nyumba akiona anaweza kupata kwa wiki kile mnachompa kwa mwezi baadhi yao wanabadilika. Mkataba wa maneno hapo hauna kazi.

Kuhusu umeme, Unguja inapata umeme kutoka bara kwa waya uliopita chini ya bahari. Wazee wa kule wanakumbuka 2008 kisiwa kilivyokaa gizani karibu mwezi, halafu tena kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, miezi mitatu. Mwaka 2013 likawekwa waya jipya la megawati 100 na mambo yakawa afadhali sana, ila kukatika kwa kawaida kupo kama huku kwetu, na nje ya mji nyumba nyingi za kupanga hazina jenereta wala betri. Kama utaenda hata kwa kutembea, uliza hilo kabla ya kuuliza kitanda kiko vipi. Na ukihamia ujue utaenda kwa sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa kule, kujitambulisha, ni utaratibu wa kule na ni vizuri kuufanya wiki ya kwanza, sio kusubiri kuulizwa.

Ushauri wangu kwa Paje, waambie wenzako hapana, na waambie wiki hii sio wiki ijayo ili wapate muda wa kutafuta mtu. Usiwape sababu kumi. Waambie zamu zako za usiku hazifai kwenye nyumba ya watu wanne na kwamba utakuja kuwatembelea masika, Aprili au Mei, wageni wakiwa wachache na bei imeshuka, utalipia chumba chako kwa wiki mbili. Washkaji wa kweli hawatavunjika kwa hilo.

Dubai na Bali nipite haraka. Kibali cha Dubai cha watu wanaofanya kazi kwa mtandao kinataka uonyeshe mapato ya dola 3,500 kwa mwezi. Hata Mauritius hapa jirani, viza yao ya namna hiyo inataka dola 1,500. Wewe una 1,300. Kuhusu Bali, piga hesabu ya saa, kule wako mbele yetu saa tano, zamu yako ingeanza saa tatu usiku na kuisha saa kumi na moja alfajiri, na wakirudisha saa zao ni saa kumi na mbili asubuhi. Huyo rafiki wa video hajawahi kukaa zamu yako.

Mbeya sasa. Hapa naomba unisikilize vizuri maana sisemi usiende. Nenda, ila nenda kwa namna nyingine. Mama yako hajawahi kukuona ukiwa kazini. Anakuona likizo, umevaa hedifoni, ndugu wameingia, yeye anaona mtoto anacheza na simu. Kodi ya Sinza ikiisha nenda Uyole wiki mbili au tatu ukiwa na zamu zako zote, na kabla hujafika mwambie kwa simu kwamba unakuja na kazi, na kwamba kuanzia saa kumi jioni hadi usiku wa manane hutakuwepo kwa mgeni yeyote. Siku ya kwanza mkalishe mama kitini pembeni yako saa moja tu, aone watu wanavyokuja mmoja baada ya mwingine, asikie unavyoongea Kiingereza na mtu aliyekasirika na unavyomtuliza. Muonyeshe siku mshahara unaingia. Usimweleze kwa maneno ya kompyuta, mwambie "mama, mimi ni karani wa duka lililoko Kanada, wateja wakikwama wananipigia mimi". Ukimaliza hapo akiulizwa atakuwa na cha kujibu, na utashangaa ndugu wa saa mbili usiku atakavyowafukuza mwenyewe.

Asubuhi zako ziko huru, hiyo ndo faida kubwa ya zamu ya jioni na naona hujaihesabu. Mpeleke mama kliniki, ujue dawa zake ni zipi na zinaisha lini, kaa na daktari umuulize dalili gani ni za kukimbilia hospitali. Pita ofisi ya NHIF pale Mbeya uulizie bima gani inamfaa mtu wa umri wake anayelipiwa na mtoto, na wewe mwenyewe uulizie yako maana huna. Mnunulie kipimo cha presha cha mkononi, mdogo wenu wa kidato cha pili anaweza kabisa kumpima kila asubuhi na kukutumia namba. Hiki kitu kitamsaidia mama kuliko wewe kulala chumba cha pili huku umechoka na umenuna.

Na katika hizo wiki tatu pima pia Mbeya yenyewe kwa haki. Uliza TTCL kama faiba yao imefika mtaa wa mama, jaribu kasi ya intaneti saa mbili usiku wakati watu wote wako mtandaoni sio saa nne asubuhi, na angalia kasi ya kupandisha sio ya kushusha tu, maana sauti yako ndo inayopanda. Inawezekana ukajikuta Mbeya inakufaa ukipanga nyumba yako ndogo mtaa mwingine, Forest au Soweto, unaenda kwa mama asubuhi unakunywa chai naye, saa tisa unaondoka kwenda kwako kazini. Watu wengi hawawazi hiyo, wanadhani kurudi nyumbani ni kurudi chumba cha utotoni. Na hali ya hewa ya kule kwa mtu aliyechoka na joto la Sinza, sina la kuongeza, ila Juni na Julai beba sweta.

Kama baada ya hapo moyo bado uko Kigali, nenda Kigali, na nenda kwa miezi mitatu kwanza. Nitakuambia kwa nini mitatu. Wewe ni raia wa nchi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ukiingia Rwanda na pasipoti yako huhitaji viza na unaweza kupewa hadi miezi sita kama mgeni. Lakini mgeni ni mgeni. Kabla hujaenda waandikie Uhamiaji wa Rwanda, eleza wazi kwamba mwajiri wako yuko Kanada, hela inatoka Kanada, hutafuti kazi kwao, unataka kukaa miezi mitatu, na uliza unahitaji kibali gani. Jibu lao litunze kwenye simu na kwenye karatasi. Mpakani usiseme unaenda harusi. Na kuna suala la kodi ya mapato, Rwanda ukikaa siku 183 ndani ya miezi kumi na mbili unahesabiwa mkazi wao kikodi, kwetu pia kuna hesabu ya siku 183, kwa hiyo miezi mitatu haikufikishi kwenye ukazi wa kikodi wa Rwanda. Na kwa kuwa unalipwa kama mtu wa kujitegemea, kama hujawahi kwenda TRA na TIN yako kueleza hayo mapato, nenda kabla ya safari. NSSF nao wanapokea waliojiajiri, anza hata na kiasi kidogo, una miaka 29 na hakuna anayekuchangia.

Mwulize na mwajiri wako, kwa barua pepe, kama mkataba unaruhusu kufanya kazi ukiwa nchi nyingine. Unashika taarifa za mahesabu ya watu, kampuni nyingi zina masharti kuhusu nchi gani unaruhusiwa kuingia kwenye mfumo ukiwa. Kama wanataka utumie VPN yao, ile njia ya siri ya kuingilia mfumo wao kwa intaneti, hata hapa nyumbani TCRA walitoa tangazo Oktoba 2023 kwamba wanaotumia VPN wajisajili, sasa kama hukufanya hivyo shughulikia. Na panga nao mapema intaneti ikipotea mnafanyaje, maana imeshatokea na itatokea. Mei 2024 nyaya za baharini zilikatika na ukanda wetu mzima ukayumba, Rwanda ikiwemo, maana wao hawana bahari na intaneti yao inapita kwetu na Kenya. Oktoba 29, 2025 siku ya uchaguzi ikazimwa nchi nzima ikakaa siku kadhaa, na najua wapo waliopoteza wateja kwa sababu tu hawakuwahi kumwambia mtu wa nje kwamba kitu kama hicho kinaweza kutokea.

Mahali pa kukaa Kigali, tafuta chumba chenye samani cha kulipia mwezi kwa mwezi. Remera unaijua, ni rahisi kwako. Ila fikiria na Nyamirambo, ni mtaa wenye Waislamu wengi na Kiswahili kinaongelewa sana, utanunua nyanya bila kuonyesha vidole, na upweke kwa mtu wa zamu ya usiku ni kitu kizito kuliko mnavyodhani vijana. Tatizo ni kwamba Nyamirambo ni mtaa uliochangamka, kwa hiyo chagua nyumba ya ndani ndani, kalale hapo usiku mmoja kabla ya kulipa, usikie kelele zake saa tatu usiku. Kiswahili ni lugha rasmi Rwanda tangu 2017, lakini hiyo ni ya kwenye karatasi, mtaani jifunze Kinyarwanda cha salamu na sokoni, watu watakufungukia. Umeme wao ni wa kununua kwanza kama LUKU, wao wanaita Cash Power, hakikisha mita ni yako peke yako. Jumamosi ya mwisho ya mwezi asubuhi kuna umuganda, watu wanatoka kufanya usafi wa pamoja na shughuli nyingine zinasimama. Toka na wewe, hapo ndo utawajua majirani kuliko mahali pengine popote.

Na ile saa moja uliyoipata ukaitaja kama kitu kidogo, mimi siioni ndogo. Saa tano badala ya saa sita, na baridi ya Kanada ikija saa sita badala ya saa saba. Kwa miaka unayotaka kufanya hii kazi, hiyo ni afya yako.

Kitu kimoja kigumu cha Kigali nikiseme wazi. Mama akizidiwa ukiwa kule, njia ya haraka ni ndege hadi Dar halafu ndege nyingine hadi uwanja wa Songwe pale Mbeya, na ukikosa ya kuunganisha utalala Dar. Kwa hiyo kabla ya kuondoka weka pembeni nauli ya safari hiyo ya dharura, nzima, kwenye akaunti ambayo huigusi hata kodi ikichelewa. Kama hela hiyo huna bado, safari inasubiri, na utakaa Mbeya mpaka uwe nayo. Hapo sitakubembeleza.

Mama umwambie wewe mwenyewe, ukiwa Uyole, baada ya kliniki na baada ya kaka yako kukubali zamu zake, sio kwa simu ukiwa Sinza. Mwambie ni miezi mitatu, mwambie tarehe ya kurudi, na urudi tarehe hiyo hiyo hata kama Kigali imekukolea, ukae naye tena wiki kadhaa ndo mzungumze ya mbele. Ukishavunja tarehe moja hatakuamini tena na atakuwa na haki.

Mwenye nyumba wa Sinza mpe taarifa sasa hivi kwa maandishi. Kitanda na friji usiuze kwa hasira ya kuhama, tafuta rafiki wa kukutunzia. Na ukishaongea na kaka yako niandikie amejibu nini, maana kama amekataa kabisa kuna maneno mengine inabidi tuyapange.

Shangazi